"Sistimu Imekataa": Kazi ya Kanzidata na Lawama Inayobebeshwa

"Sistimu imekataa." Kauli hii imekwisha kuwa sehemu ya Kiswahili cha kaunta. Utaisikia benki, utaisikia kwenye dirisha la bima ya afya, utaisikia katika ofisi ya ardhi mchana wa jua kali, foleni ikiwa imefika nje ya mlango. Karani huitamka kama mtu anayesema mvua imenyesha, yaani jambo lisilo na mwenyewe, na mteja huipokea kama kisingizio. Sina nia ya kuzitetea sistimu zote. Zipo zinazokataa kwa sababu mtandao umekatika, na zipo zinazokataa kwa sababu aliyezitengeneza alilipwa kabla ya kuzijaribu. Lakini ipo aina moja ya kukataa ambayo ndiyo kazi hasa ya mfumo wa kusimamia kanzidata, na naona aina hiyo inalaumiwa bila kusikilizwa, tena na watu ambao fedha zao na afya zao zinalindwa nayo.

Kanzidata, ambayo wengine huiita hifadhidata, ni mkusanyo wa data zilizopangwa. Mfumo wa kuisimamia ni programu inayokaa katikati ya data hizo na kila anayezitaka, awe karani, awe mteja mwenye simu, iwe programu nyingine: hakuna anayezigusa moja kwa moja, wote hupitia kwake. PostgreSQL, MySQL, Oracle na SQL Server ni mifumo ya namna hiyo, na hata simu ya Android iliyo mfukoni mwako imebeba mfumo mdogo uitwao SQLite. Watu wengi hudhani kazi ya programu hizi ni kuhifadhi. Kuhifadhi ni kazi ndogo. Hata faili la kawaida huhifadhi, hata sanduku la bati chini ya kitanda huhifadhi. Kinachoitenga kanzidata na sanduku ni bawabu aliyesimama mlangoni, mwenye orodha ya masharti mkononi, asiyejua cheo cha mtu wala haraka yake.

Bawabu huyo nilimfahamu kwa kumkosa. Kwa miaka kadhaa nilikuwa katibu wa chama kidogo cha akiba na mikopo, na hesabu zetu zote zilikaa katika faili moja la Excel: jina, namba ya simu, hisa, akiba, mkopo, riba. Jioni moja, tukijiandaa kwa mkutano mkuu, mwenzangu alitaka majina ya wanachama yapangwe kwa alfabeti. Aliteua safu ya majina peke yake, akabonyeza kitufe cha kupanga. Excel ilimwuliza kama angependa kujumuisha na safu za jirani; naye, kwa kuwa hakulielewa swali, akachagua kuendelea hivyo hivyo. Majina yalipangika vizuri sana. Fedha hazikusogea. Akiba ya mtu ikabaki mahali pake huku mwenye akiba akihamia mistari arobaini juu, na mkopo wa mwingine ukamwangukia ambaye hajapata kukopa. Mwenzangu akahifadhi, akafunga kompyuta, akaenda kuswali Magharibi.

Tuligundua siku ya tatu, pale mama mmoja muuza samaki alipoonyeshwa salio kubwa kuliko yote aliyowahi kuweka. Akalitazama, akacheka, akasema, "Katibu, hizi si zangu, na wewe wajua si zangu." Laiti angekuwa mtu mwingine. Tulirudi kwenye leja ya karatasi na kuandika upya mstari kwa mstari, kazi iliyotuchukua majuma mawili, na hadi leo wapo wanachama wawili ambao naamini tuliwapunja au tuliwazidishia, ila sijui ni kwa kiasi gani.

Kinachonishughulisha katika kisa hiki ni kwamba Excel haikukosea. Ilitenda ilivyoagizwa, kwa sababu machoni pake kila kisanduku ni kitu kinachojitegemea, na haijui kwamba jina lililo upande wa kushoto na shilingi zilizo upande wa kulia ni mali ya mtu mmoja. Edgar Codd, mtaalamu wa hisabati mzaliwa wa Uingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya kompyuta ya IBM huko San Jose, California, alichapisha mwaka 1970 pendekezo la kupanga data katika majedwali, na mojawapo ya masharti yake lilikuwa kwamba mfuatano wa mistari usiwe na maana yoyote. Ukilisoma juu juu ni sharti la kitaaluma lisilomhusu muuza samaki. Maana yake kwa vitendo ni kwamba mstari mmoja ni habari moja isiyogawanyika, na kuupanga kwa alfabeti ni namna ya kuutazama tu. Unaiomba kanzidata ikuonyeshe wanachama kwa mfuatano wa majina, inakuonyesha, na kule ndani hakuna kilichoguswa. Kosa la mwenzangu lisingehitaji kukatazwa, kwa kuwa lisingekuwa na njia ya kutendeka.

Ukitaka mfano ulio karibu zaidi, chukua namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania. Ina tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Ifungue Excel mpya, iandike namba hiyo bila vistari na bila kuiambia Excel kwamba hayo ni maandishi, kisha bonyeza Enter. Excel hutunza tarakimu 15 tu za maana katika namba yoyote, basi tano za mwisho zinageuka kuwa sifuri, na kisanduku kinakuonyesha namba iliyofupishwa yenye herufi E katikati yake. Haikuulizi. Haikuonyi. Namba za simu nazo hupoteza sifuri ya mwanzo kwa mtindo huo huo. Nimeona orodha za watu zikipokelewa ofisini zikiwa na vitambulisho vinavyoishia na sifuri tano, moja baada ya nyingine, na aliyezituma akiapa kwamba alinakili kutoka kwenye kadi zenyewe. Alikuwa akisema kweli. Katika kanzidata iliyopangwa vizuri, safu hiyo ingetangazwa tangu mwanzo kuwa ni maandishi ya herufi 20, si pungufu, na kwamba haiwezi kujirudia kwa watu wawili. Na yeyote ambaye angeleta kinyume chake angeambiwa lile neno linalochukiwa.

Niseme pia kwamba wanaoishikilia Excel si wajinga, na mara nyingi wana haki. Imo tayari katika kompyuta, inafunguka bila intaneti, na mwenye kazi anaiona kazi yake yote mbele ya macho, jambo ambalo kanzidata humnyima. Mwalimu mwenye wanafunzi 40 na mitihani mitatu hahitaji seva. Mhazini wa harusi anayekusanya michango kwa miezi miwili hahitaji seva. Na saa nne za usiku likizuka jambo ambalo hakuna aliyelitarajia, mwenye Excel anaongeza safu na kuendelea, wakati mwenye kanzidata anampigia simu fundi ambaye hapokei.

Ubaya ni kwamba kazi hukua pole pole, na hakuna siku inayotangazwa kuwa ndiyo ya kuhama. Kisa kikubwa kuliko vyote ninavyovijua kilitokea Uingereza mwaka 2020, katikati ya janga la Uviko-19. Maabara zilikuwa zikituma matokeo ya vipimo kwa taasisi ya afya ya umma, Public Health England, na huko matokeo yaliingizwa katika faili za Excel kabla ya kupelekwa mbele kwa wanaofuatilia watu waliokutana na wagonjwa. Faili zilizotumika zilikuwa za muundo wa zamani ambao hauwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Kila kipimo kilichukua mistari kadhaa, kwa hiyo faili moja lilijaa likiwa na wagonjwa wapatao 1,400 tu. Waliozidi hapo waliachwa nje. Kati ya Septemba 25 na Oktoba 2, watu 15,841 waliothibitika kuwa na virusi hawakuonekana katika takwimu za taifa.

Nimeirudia namba hiyo ya 65,536 mara nyingi, kwa kuwa haina uhusiano wowote na ugonjwa, wala na idadi ya watu, wala na uamuzi wa waziri au daktari. Ni mbili iliyozidishwa kwa nafsi yake mara 16, yaani ukubwa wa namba ambayo wahandisi wa zamani waliona inatosha kuhesabia mistari. Muundo mpya wa Excel uliotoka mwaka 2007 unabeba mistari 1,048,576, hivyo kwa miaka 13 kulikuwa na dawa ya bei rahisi ambayo hakuna aliyeikumbuka. Wagonjwa wenyewe walipewa majibu yao. Waliokosa habari ni wale waliokaa nao meza moja, waliopanda nao basi, waliowapikia. Ukiigawa 15,841 kwa siku nane unapata karibu watu 2,000 kwa siku, na nyuma ya kila mmoja wao kulikuwa na jamaa na wenzake wa kazini ambao walipaswa kupigiwa simu na kuambiwa wakae ndani. Simu hizo zilichelewa, na kwa ugonjwa wa namna ile kila siku ilikuwa na thamani yake.

Sasa jiulize ni kipi kingekuwa bora: faili lililopokea kilichotosha na kunyamazia kilichobaki, au mfumo uliogoma kupokea hata mstari mmoja na kuandika kwa herufi nyekundu kwamba mzigo umezidi? Wa pili ungelaaniwa asubuhi ile ya Septemba 25. Karani angesema sistimu imekataa, bosi angefoka, fundi angeamshwa. Kabla ya jua kutua tatizo lingekuwa limejulikana.

Lakini haki inanilazimisha nikiri kwamba si kila kanzidata imekuwa na ukali huo. MySQL, iliyoanza mwaka 1995 na ambayo tovuti nyingi duniani zimesimama juu yake, kwa miaka mingi ilikuwa na tabia ile ile ya faili la Excel: ukiipa jina lenye herufi 40 katika nafasi ya herufi 30, ilikata kumi za mwisho, ikaingiza zilizobaki, na kuacha onyo ambalo programu nyingi hazikulisoma. Tangu toleo la 5.7 la mwaka 2015 ndipo kukataa kukawa desturi yake ya kawaida. Na waliohamia toleo hilo walilalamika sana, kwa sababu programu zilizokuwa "zikifanya kazi" zilianza kugoma. Zilikuwa zikikata majina ya watu muda wote huo.

Upande wa fedha ndiko ambako hoja ya bawabu huwa haibishaniwi. Mtu yuko Dar es Salaam anamtumia mama yake aliye Ifakara shilingi 50,000 kwa simu. Kwa mashine hilo si tendo moja, ni mawili: kupunguza huku, kuongeza kule. Umeme ukikatika katikati, fedha zimetoka kwa mtoto na hazijafika kwa mama. Mfumo wa kanzidata huyafunga matendo hayo mawili katika fungu moja liitwalo muamala, na sharti la muamala ni kwamba yote yatimie au lisitimie hata moja. Hufanya hivyo kwa ujanja ambao mhasibu wa zamani angeuelewa: kabla ya kukubali kwamba jambo limekwisha, huandika katika kumbukumbu ya pembeni kile ulichokusudia kufanya. Umeme ukirudi, huanza kwa kuisoma kumbukumbu hiyo. Muamala uliokuwa umekamilika huukamilisha hata kama majedwali hayakuwahi kuguswa, na ule ulioishia njiani huufuta kana kwamba haukuwahi kuanza. Jim Gray, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani aliyepewa Tuzo ya Turing, tuzo kubwa ya taaluma hiyo, mwaka 1998 kwa kazi yake katika mambo haya, alipotea baharini mwaka 2007 akiwa peke yake katika mashua yake nje ya San Francisco, hakuonekana tena. Mwaka ule ule M-Pesa ilizinduliwa Kenya, na mamilioni ya watu ambao hawajapata kusikia jina lake wakaanza kuuegemea muamala kila siku.

Kuna na lile la makarani wawili. Akaunti ina shilingi 100,000. Mume yuko tawi moja anataka 80,000, mke yuko tawi jingine anataka 80,000, na makarani wote wawili wameliona salio lile lile kwa dakika ile ile. Katika leja za karatasi, au faili lililonakiliwa kwenye kompyuta mbili, wote wawili wanalipwa na kila karani anaandika kwamba zimebaki 20,000. Mfumo wa kanzidata humfungia mmoja kufuli hadi mwenzake amalize, kisha humwonyesha salio jipya. Yule wa pili huambiwa sistimu imekataa, na hapo ilikataa kwa haki.

Walalamikaji nao wanayo ya kusema, na zito kuliko yote haliko kwenye gharama za seva wala kwenye umeme. Liko kwenye jedwali lenyewe. Jedwali ni maelezo ya dunia jinsi aliyelitengeneza alivyoidhani. Ukidhani kila mtu ana majina matatu, utawakataa wenye mawili. Ukidhani kila mtoto ana baba anayejulikana, mama atakaa mbele ya dirisha akitafuta jina la kuandika, na ataandika lolote ili aondoke. Hapo bawabu anageuka kuwa mwalimu wa uongo. Takwimu zinazotoka huko ni safi machoni, kila kisanduku kimejaa, na ndani yake kuna mambo yaliyobuniwa kwenye kaunta.

Hilo pia lilitufika. Tulipohamia kwenye kanzidata, fundi wetu aliweka sharti kwamba tarehe ya kuzaliwa ni lazima. Akaja bibi mmoja, mwanachama wa tangu mwanzo, karani akamwuliza, "Shikamoo bibi, ulizaliwa lini?" Akajibu, "Marahaba mwanangu. Andika mwaka wa nzige." Mwaka wa nzige haumo katika kalenda ya kompyuta. Karani akakadiria, akaandika Januari mosi, sistimu ikakubali. Aliyefuata Januari mosi, na aliyefuata naye. Miaka michache baadaye, tulipoanzisha posho ya wanachama waliotimiza miaka 70, asubuhi ya mwaka mpya sistimu ilituletea orodha ndefu ya wazee waliozaliwa siku moja kama mapacha.

Wapo waliojaribu kuponya ugumu huu kwa kuliondoa jedwali. MongoDB, iliyotoka mwaka 2009, ilipendwa hasa kwa kuwa ilipokea kila mtu na umbo lake: mmoja ana majina mawili, mwingine manne, mmoja ana tarehe, mwingine hana. Kwa kazi fulani ni chaguo zuri. Hata hivyo masharti hayakupotea, yalihama tu kutoka kwenye kanzidata kwenda kwenye programu inayoitumia, na zikiwa programu tatu zinazotumia data zile zile basi kuna mabawabu watatu wasioelewana. Mwaka 2018 MongoDB yenyewe iliongeza miamala inayofunga nyaraka nyingi (ndivyo inavyoziita rekodi zake) kwa pamoja, na mimi nalihesabu hilo kuwa ushahidi upande wangu, ingawa wenzangu wanaoipenda wataliita kukua.

Ipo pia njia ya katikati, ambayo naiheshimu zaidi. Zahanati nyingi za Tanzania hujaza kwa mkono madaftari ya MTUHA, yaani ya taarifa za huduma za afya, na jumla za mwezi huingizwa katika DHIS2, mfumo uliozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo na ambao data zake kwa kawaida hukaa ndani ya PostgreSQL. Humo unaweza kuweka kanuni kwamba waliokutwa na malaria wasizidi waliopimwa malaria. Aliyekosea huonyeshwa kosa lake na kuachiwa nafasi ya kurudi kwenye daftari. Si kila sharti lazima liwe ukuta. Mengine yanafaa kuwa kikohozi cha mtu aliyesimama nyuma yako.

Na kuhusu tarehe za kuzaliwa, ukweli ni kwamba kanzidata haikuwa na hatia. Tangu zamani lugha ya SQL, inayotumika kuzungumza na mifumo hii, ina alama maalumu ya kitu kisichojulikana, ambayo si sifuri wala si Januari mosi. Ni pengo linalojitambulisha kuwa pengo, na ukiuliza wastani wa umri, watu wenye pengo hawahesabiwi. Neno "lazima" liliwekwa na fundi wetu, kijana mwenye cheti cha kuzaliwa, na sisi viongozi tulitia sahihi bila kulisoma. Tulipomwita alishangaa, akasema alidhani ndivyo tunavyotaka. Kuliondoa sharti lile kulimchukua chini ya dakika moja. Kuwatafuta wazee mmoja mmoja na kuzifuta tarehe za uongo kulituchukua miezi.

Masharti mengine tuliyaacha yalivyo. Mkopo hauingii bila namba ya mwanachama aliyepo, akiba haishuki chini ya sifuri, namba ya NIDA haipokelewi ikiwa na tarakimu 15. Makarani bado hunung'unika. Ile nafasi ya tarehe ya bibi iko wazi sasa, na pembeni yake, katika safu ya maelezo tuliyoiongeza, pameandikwa: mwaka wa nzige.